Simlinki kwenye seva ya mbali kwa Python: jinsi ya kuzishika bila kuangusha saiti

Mbukwenyi wakuu. Hii ni kwa wale mnaopandisha saiti na mifumo ya wateja kupitia SFTP (njia salama ya kutuma na kupokea mafaili kwenye seva) mkiwa hapa hapa Dodoma, laptopu iko Area D au Makulu, intaneti ni hotspoti ya simu, na seva yenyewe iko Ulaya au Marekani huko. Mtandao unakatika katikati ya kazi, hilo tushazoea, ila ukichanganya na simlinki (vijifaili ambavyo kazi yake ni kuelekeza kwenye faili au folda lingine) ambazo hujui zinafanyaje kazi ndo unasikia mteja wa Kibaigwa anapiga simu saa mbili asubuhi anauliza bei za mahindi zimeenda wapi.

Tuseme kazi yetu ni hiyo, saiti ya bei za nafaka. Kwenye seva kuna `/home/bei/matoleo/` ambamo kila toleo lina folda lake (11, 12, 13), kuna `/home/bei/picha/` ambayo matoleo yote yanaitumia, afu kuna `/home/bei/sasa` ambayo ni simlinki inayoelekea toleo linaloonekana kwa watu. Ukitaka kubadili toleo hugusi faili hata moja la saiti, unageuza linki tu. Mpangilio mzuri sana kwa mtu wa bando dogo kwa sababu kugeuza linki ni baiti chache mno, hata kwenye E inapita.

Kabla ya kuandika kodi ya Python kuna jambo moja nataka likukae kichwani maana matatizo karibu yote yanatokea hapo. Kila amri unayoituma, jiulize inaongea na linki yenyewe au na kitu kinachoelekezwa na linki. Linki ni kama kibao cha barabarani kilichoandikwa Kondoa, ukikingʼoa Kondoa haiendi popote, ila kuna amri ukizielekeza kwenye kibao zenyewe zinafunga safari mpaka Kondoa na kufanya kazi huko. `lstat`, `readlink`, `remove` na `posix_rename` zinaishia kwenye linki. `stat`, `open`, `get`, `put`, `chmod`, `listdir` zinaifuata linki mpaka mwisho. Andika hiyo kwenye karatasi ubandike ukutani kama huamini utaikumbuka.

Hatua ya 1: kuunganisha

Natumia Python na laibrari ya Paramiko (`pip install paramiko`). Zipo nyingine lakini hii ndo wengi wanayo.

```
import os, posixpath, stat
import paramiko

ssh = paramiko.SSHClient()
ssh.load_system_host_keys()
ssh.connect("seva.mfano", username="bei",
            key_filename=os.path.expanduser("~/.ssh/id_ed25519"),
            timeout=30)
ssh.get_transport().set_keepalive(20)
sftp = ssh.open_sftp()
sftp.get_channel().settimeout(60)
```

Hizo namba za sekunde usizipuuze. Bila `settimeout` mtandao ukipotea skripti inaweza kukaa kimya ikisubiri, na wewe unadhani inafanya kazi kumbe imelala. Na tafadhali usiweke ile `AutoAddPolicy` ambayo kila mtu anakopi mtandaoni, inakubali bila kuuliza seva yoyote ambayo laptopu yako bado haiijui, ingia kwanza mara moja kwa `ssh` ya kawaida uhakikishe ufunguo wa seva, ukubali, basi.

Ona pia nimeita `posixpath` na sio `os.path` kwa njia za kwenye seva. Ukiwa kwenye Windows `os.path.join` inakuwekea mkwaju wa kinyume `\`, na kwenye seva ya Linux huo ni herufi halali ya jina la faili, kwaiyo unaweza kujikuta umetengeneza linki inayoitwa `matoleo\12` imekaa pale kama jina moja. `os.path` iache kwa njia za kwenye laptopu yako tu.

Hatua ya 2: jua unachokishika

Usibadili kitu kabla hujajua ni nini. Fankisheni hii naitumia kila sehemu:

```
def ni_nini(njia):
    try:
        a = sftp.lstat(njia)
    except FileNotFoundError:
        return "hakuna"
    if not stat.S_ISLNK(a.st_mode):
        return "folda" if stat.S_ISDIR(a.st_mode) else "faili"
    try:
        sftp.stat(njia)
    except FileNotFoundError:
        return "linki iliyokufa"
    return "linki nzima"
```

Wengi wanauliza kama kitu kipo kwa kutumia `stat`, afu linki ikiwa imekufa, yaani inaelekea folda lililokwisha kufutwa, `stat` inasema hakuna kitu. Sawa, hakuna kitu, ngoja nitengeneze linki, halafu seva inakataa na kukujibu neno moja tu, `Failure`. Unabaki unashangaa kisichokuwepo kinakataaje kutengenezwa. Linki ipo, kisichokuwepo ni kule inakoelekea.

Tukiwa kwenye majibu ya ajabu, OpenSSH, programu ya SSH na SFTP ambayo ndo iko kwenye seva nyingi za Linux, inayafupisha makosa kwa namna inayopotosha. Linki zikizungukana, A inaelekea B na B inaelekea A, Linux inachoka baada ya kufuata linki 40 na kutoa kosa lake la mzunguko, lakini kwako linafika kama `No such file`. Ukiita `readlink` kwenye faili la kawaida ambalo sio linki unapata `Bad message`, na hapo mtu anaanza kuilaumu modemu bure. Kwaiyo hiyo "linki iliyokufa" ya fankisheni yangu inaweza pia kuwa linki inayojizungusha, soma inakoelekea ujue.

Hatua ya 3: soma inakoelekea

```
def lengo(linki):
    t = sftp.readlink(linki)
    return posixpath.normpath(
        posixpath.join(posixpath.dirname(linki), t))
```

`readlink` inakupa maandishi yaliyomo ndani ya linki kama yalivyo, hata kama ni `../../picha`. Maandishi hayo yanahesabiwa kuanzia folda linki ilipokaa, sio ulipo wewe, wala sio folda uliloingia kwa `chdir`. Ndo maana ninaunganisha na `dirname` ya linki. Kama katikati ya njia kuna folda ambalo nalo ni linki, hesabu hii ya maandishi inaweza kukudanganya kwenye `..`, hapo tumia `sftp.normalize(linki)` seva ikutafutie njia halisi. Ila `normalize` kukupa njia haimaanishi mwisho wa njia pana kitu, OpenSSH inakubali kipande cha mwisho kisiwepo. Thibitisha kwa `stat`.

Hatua ya 4: tengeneza linki

```
sftp.symlink("../../picha", "/home/bei/matoleo/12/picha")
```

Cha kwanza ni lengo, cha pili ni linki inayozaliwa, mpangilio ule ule wa `ln -s`, amri ya Linux ya kutengeneza linki. Hapa kuna kisa kidogo. Rasimu ya itifaki ya SFTP ilisema njia ya linki itangulie kisha lengo. Waliotengeneza seva ya OpenSSH wakaziweka kinyume kwa bahati mbaya, wakagundua ikiwa imeshasambaa kila mahali, wakaamua kuiacha hivo hivo maana kuirekebisha kungevunja programu za watu, na wenyewe wameliandika hilo kwenye maelezo yao ya itifaki. Paramiko inatuma kwa mpangilio wa OpenSSH. Ukikutana na seva ya SFTP ya aina nyingine iliyofuata rasimu, linki inaweza kuzaliwa kinyume au kukataliwa kabisa. Dawa yake ni mstari mmoja, tengeneza afu soma tena:

```
assert sftp.readlink("/home/bei/matoleo/12/picha") == "../../picha"
```

Kwanini nimeandika `../../picha` na sio `/home/bei/picha`? Kwa sababu akaunti nyingi za SFTP zimefungiwa kwenye folda lao kwa `ChrootDirectory`, yaani wewe ukiingia unaona `/` lakini kwa seva yenyewe hiyo ni sehemu kama `/srv/wateja/bei`. Linki ya njia kamili utakayoandika ukiwa humo, ukiisoma wewe mwenyewe kwa SFTP inafanya kazi vizuri, tena `stat` inapita, halafu programu ya wavuti ambayo haijafungiwa inaifuata kuanzia `/` ya kweli na kukosa kitu. Unakesha unatafuta tatizo ambalo kwako halionekani. Linki ya `../` haijali nani anaangalia kutoka wapi, mradi kila kitu kiko ndani ya mti mmoja. Hata siku ukihamisha seva, unabeba folda zima na linki zinaendelea kufanya kazi.

Na Paramiko haigusi lengo unaloandika, inalituma kama lilivyo. Ukikosea herufi linki inazaliwa tu, hakuna anayekagua kama lengo lipo.

Hatua ya 5: kugeuza `sasa` bila saiti kuanguka

Hapa ndo pa kukaa. Njia anayoifikiria kila mtu ni kufuta linki ya zamani afu kutengeneza mpya. Kwenye mtandao imara pengo kati ya hizo amri mbili ni dogo, labda mtu mmoja wawili wanakutana na ukurasa wa kosa. Kwa mtandao wetu, bando likiisha au umeme ukikatika ruta ikazima baada ya `remove` na kabla ya `symlink`, saiti haipo mpaka urudi hewani. Kwaiyo hatufuti. Tunatengeneza linki mpya pembeni kwa jina la muda, tunaikagua, afu tunaibadilisha jina iikalie ile ya zamani kwa tendo moja ambalo linafanyika seva huko huko:

```
def geuza(toleo, linki="/home/bei/sasa"):
    kamili = posixpath.join(posixpath.dirname(linki), toleo)
    if not stat.S_ISDIR(sftp.stat(kamili).st_mode):
        raise RuntimeError("hili sio folda: " + kamili)

    muda = linki + ".mpya"
    try:
        sftp.remove(muda)      # mabaki ya jaribio lililokatika
    except FileNotFoundError:
        pass

    sftp.symlink(toleo, muda)
    if sftp.readlink(muda) != toleo:
        raise RuntimeError("linki imezaliwa vibaya")
    sftp.posix_rename(muda, linki)

geuza("matoleo/12")
```

Mtandao ukikatika popote kabla ya mstari wa mwisho, `sasa` bado inaelekea toleo la zamani na wateja hawajui lolote, kilichobaki ni `sasa.mpya` ambayo jaribio linalofuata litaifuta. Ukikatika wakati wa mstari wa mwisho wenyewe, basi aidha imegeuka au haijageuka, hakuna nusu, unaporudi unaita `lengo("/home/bei/sasa")` unajua.

Angalia ni `posix_rename`, sio `rename`. `rename` ya kawaida ya SFTP inakataa kama jina unalolitaka tayari lina kitu, inakujibu ile ile `Failure`, na watu wakiona hivo wanarudi kwenye kufuta kwanza, ambacho ndo tulikuwa tunakikwepa. `posix_rename` ni nyongeza ya OpenSSH, kwenye seva nyingine inaweza isiwepo. Kama huna, dah, itabidi ufute na utengeneze, basi angalau fanya usiku watu wamelala.

Faida nyingine, kama kuna mtu aliweka folda la kweli linaloitwa `sasa` badala ya linki, `posix_rename` itakataa, haitalifuta folda lake. Nzuri hiyo.

Kuna mdau ataniambia si uingie tu na SSH upige `ln -sf`. Kama una terminali sawa, lakini akaunti nyingi za hosting zinakupa SFTP peke yake, na hata ukiwa nayo kumbuka `-n`. Bila hiyo `-n`, `ln -sf matoleo/12 sasa` wakati `sasa` ni linki ya folda, inaingia ndani ya folda lile la zamani na kuweka linki mpya humo, huku `sasa` haijabadilika. Unaipiga, hakuna erori, hakuna mabadiliko.

Kurudisha toleo la nyuma mambo yakiharibika ni `geuza("matoleo/11")`, hakuna cha kupandisha upya.

Hatua ya 6: saiti haijabadilika mbona?

Umegeuza, `readlink` inasema 12, kivinjari kinaonyesha 11. Kama saiti ni ya PHP, PHP inakumbuka njia halisi za linki kwa muda, kwa kawaida sekunde 120, kwaiyo kwanza kunywa chai kidogo. Ikiendelea, kwa wanaotumia Nginx (programu ya seva ya wavuti) kwenda PHP-FPM (inayoendesha PHP) badilisha `$document_root` iwe `$realpath_root` kwenye `SCRIPT_FILENAME` na `DOCUMENT_ROOT`, hapo PHP inapewa njia halisi ya toleo kila ombi, sio jina la linki. Kwa Apache, seva nyingine ya wavuti, ukipata 403 (kosa la kukatazwa kuingia) baada ya kuweka linki, uliza kama `FollowSymLinks` imewashwa, sehemu za hosting ya kuchangia wanapenda kuweka `SymLinksIfOwnerMatch` ambayo inataka mwenye linki na mwenye lengo wawe yuza mmoja.

Hatua ya 7: kupandisha na kushusha mafaili

Fupi lakini ina hatari. `sftp.put("bei.json", "/home/bei/sasa/bei.json")` inaifuata `sasa` na kuandika ndani ya toleo 12. Hiyo labda ndo unayoitaka. Ila kama `bei.json` yenyewe ni linki ya kwenda faili linalotumiwa na matoleo yote, `put` haibadilishi linki kuwa faili, inafuta yaliyomo kwenye faili la pamoja na kuandika mapya, matoleo yote yanapata bei hizo. Ita `ni_nini` kwanza.

Upande wa kushusha, skripti ya bakapu inayofuata linki itadaunlodi `picha` ndani ya toleo 11, tena ndani ya 12, tena 13, picha zile zile za magunia ya alizeti mara tatu na bando linateketea. Ukikuta linki andika tu maandishi yake kwenye faili la orodha, usiingie ndani.

Hatua ya 8: kufuta matoleo ya zamani

Kuna kijana mmoja hapa mjini aliandika fankisheni ya kufuta folda na vilivyomo, kila kitu akawa anakiuliza kwa `sftp.stat`. Ilipofika `matoleo/9/picha`, `stat` ikafuata linki ikasema ni folda, fankisheni ikaingia, ikafuta picha moja baada ya nyingine, na hizo ndo picha za saiti iliyokuwa hewani. Cha kuchekesha, ilipomaliza ikapiga `rmdir` kwenye ile linki, seva ikakataa kwa sababu `rmdir` haifuti linki, ikajibu `No such file`, akadhani skripti imefeli haijafuta kitu.

Andika hivi:

```
def futa_yote(njia):
    if ni_nini(njia) != "folda":
        raise RuntimeError("sio folda la kweli: " + njia)
    for a in sftp.listdir_attr(njia):
        p = posixpath.join(njia, a.filename)
        if (stat.S_ISDIR(a.st_mode)
                and stat.S_ISDIR(sftp.lstat(p).st_mode)):
            futa_yote(p)
        else:
            sftp.remove(p)
    sftp.rmdir(njia)
```

OpenSSH kwenye `listdir_attr` inakupa sifa za linki yenyewe, kwaiyo linki ya folda haitaonekana kama folda, itaenda kwa `remove` na kutolewa linki tu. Hiyo `lstat` ya ziada ni kwa ajili ya seva zinazojibu tofauti, na nimeiweka kwa mafolda peke yake kwa sababu kila swali ni safari ya kwenda na kurudi Ulaya, ukiuliza kwa kila faili kwenye folda la mafaili elfu utakaa mpaka jua lizame.

Kabla ya kuiita, hakikisha hufuti toleo lililo hewani:

```
hai = lengo("/home/bei/sasa")
for jina in sftp.listdir("/home/bei/matoleo"):
    p = posixpath.join("/home/bei/matoleo", jina)
    if p != hai and jina.isdigit() and int(jina) < 11:
        futa_yote(p)

sftp.close()
ssh.close()
```

Mimi huwa naacha toleo hai na moja la nyuma yake. Mara ya kwanza weka `print(p)` badala ya `futa_yote(p)`, soma orodha kwa macho, ukiridhika ndo urudishe.